Mpaka Ndani ya Mikebe

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alihamisha mikebe yake. Aliitoa kando ya meko, mahali ilipolala kwenye joto, akaipanga chini ya tundu alilolitoboa ukutani kwa panga ili mwanga uingie. Jua lilipopanda aliisogeza hatua mbili nyuma, kwa sababu lilichoma. Lilipoanza kushuka, aligeuza kila mkebe ili upande uliokuwa gizani nao uone. Jioni, kabla ya filimbi ya kafyu, aliihesabu na kuirudisha kando ya meko. Mama yangu alisema nyumba yetu ilikuwa na wenyeji watatu na wasafiri kumi na wanne.

Tulimwita Cucu, yaani nyanya, ingawa hakuwa nyanya wa mtu yeyote. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na hatukuwa ndugu naye. Katika miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na watu wa msituni, watu wa kilima chetu, huku Embu chini ya mlima, walitolewa mashambani wakakusanywa kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Nyumba hazikutosha, basi mimi na mama tukawekwa pamoja naye. Baba alikuwa kizuizini. Ukuta wa mianzi uligawanya nyumba, sisi huku na yeye kule, lakini meko yalikuwa yaleyale na tundu la mwanga lilikuwa lilelile. Kwa hiyo mikebe nayo ilikuwa yetu sote, tupende tusipende.

Mingine ilikuwa ya mafuta ya kupikia, mingine madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa nusu, ambayo alipewa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuja na lori kutoka mji wa Meru siku za soko. Kila mmoja aliutoboa chini kwa msumari. Mitano ilikuwa na mimea ya kawaida: jeranio, mshubiri, kangaga la mtoni, na miwili ambayo yeye mwenyewe hakujua majina yake. Tisa ilikuwa na matoka.

Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa itoka ni nini, lakini msomaji wa mbali huenda hajui. Ni ua lenye kitunguu kikubwa ardhini, majani marefu kama mikanda, na maua meupe yenye mistari myekundu. Halipandwi kwa uzuri wake. Hupandwa mpakani, moja hapa na jingine kule, na mashamba yetu hayakuwa na waya wala maandishi, yalikuwa na matoka. Jua kali likija, majani hufa, lakini kitunguu hubaki chini, na mvua ikinyesha hutokea palepale. Ndiyo maana wazee waliyaamini. Na ndiyo maana hakuna anayeng'oa itoka, hata lake mwenyewe. Anayeling'oa huhesabiwa kuwa anakula shamba la mtu. Hulipa mbuzi, na neno lake juu ya mpaka halisikilizwi kwa urahisi tena.

Cucu aling'oa tisa kwa asubuhi moja.

Ilikuwa siku ya kuhamishwa. Watu walibeba vyungu, mahindi, kuku. Yeye alichukua jembe akaenda mpakani. Ng'ambo ya mpaka ule lilikuwa shamba la shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, ambaye tangu mazishi alikuwa akisema kwamba mjane asiye na mtoto hulishwa tu, hapewi shamba. Cucu aliona kwamba kilima kikibaki bila watu, shemeji atayasogeza matoka, na hakuna atakayejua. Akaona heri ayachukue.

Mama alipoyatambua ndani ya mikebe, wiki ya kwanza tu, alikaa chini.

"Mama Karimi, mbona unaniangalia hivyo?" Cucu aliuliza.

"Wakikuuliza mpaka wako uko wapi, utasema uko jikoni?"

"Nitasema uko salama."

"Salama! Umeogopa mwizi atavunja nyumba, ukaibomoa mwenyewe."

"Yakiwa mkononi mwangu hawezi kuyasogeza."

"Cucu, nisikilize. Mimi sikuona kitu. Karimi naye hakuona kitu. Karimi, uliona kitu?"

Nilitikisa kichwa. Kutikisa kichwa kulikuwa rahisi kwangu kuliko kusema.

Tangu siku hiyo sikuweza kuyatazama yale matoka kama maua. Niliona shamba zima limekaa pale chini ya tundu, likingoja kuulizwa.

Alikuwa mtu asiyejua kukaa. Chai aliinywa akiwa amesimama, akizunguka na kikombe. Akishona, baada ya mishono mitatu aliinuka kupapasa udongo wa mkebe fulani. Mama alimpa kigoda chake mwenyewe, akakitumia kuinulia mkebe mmoja karibu na mwanga.

Nadhani ni kutotulia huku kulikoharibu mambo mara nyingi. Itoka ni mmea mvumilivu kule shambani, lakini ndani ya mkebe lilimsumbua kama mtoto mchanga. Moshi wa meko ulipaka majani masizi, akawa anayafuta moja moja kwa kitambaa chenye maji, mbele na nyuma. Vidudu vyeupe kama unga viliingia kwenye makunyanzi ya majani, akavipaka majivu. Siku walizorudi kutoka kazi ya lazima, wanawake wote wakiwa wamechimba handaki tangu asubuhi, mama alilala chini kama gogo. Cucu alianza kufuta majani.

Maji yalikuwa taabu. Tulikwenda mtoni kwa saa maalumu, tukilindwa na homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, kibuyu kimoja kimoja. Alikunywa kidogo, akaipa mikebe mengi. Na hapo ndipo alipoyaua. Mwezi wa tatu itoka la kwanza liliinama kama mtu mwenye usingizi. Alilitia maji zaidi. Likainama zaidi. Alipolivuta, kitunguu kilitoka laini, kinanuka.

"Nimemlewesha," alisema. "Masikini. Nimemlewesha mpaka akafa."

Kulikuwa na la pili baada ya wiki mbili. Baada ya hapo alijifunza kutia kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, na kama kulikuwa na ubaridi chini hakutia tone. Ilimuuma. Nilimwona akishika kibuyu juu ya mkebe kisha akikiondoa, akikishika tena, akikiondoa.

Lile jeranio halikuwa na shida hata moja. Alilipata kwenye veranda ya ofisi ya mzungu, siku waliyopelekwa kung'oa magugu. Alivunja kijiti, akakificha kwenye kilemba, akakichomeka kwenye udongo bila hata kukiangalia. Kilichanua mwaka mzima, kwenye moshi, kwenye giza, bila maji. Hakulipenda.

"Huyu hana haya," alisema. "Tazama anavyocheka na mimi nina msiba."

Lakini jirani alipoomba tawi lake, alikataa. Hii ilikuwa tabia yake nyingine. Alikuwa mkarimu wa chakula kupita kiasi. Uji wake aliugawa mpaka ukabaki mkwangulio. Lakini tawi, jani, hata udongo uliomwagika, hakutoa. "Uji utakunywa uishe," alimwambia yule jirani. "Tawi utalipeleka kwako, lisimame mlangoni kwako kama lako." Jirani alicheka akasema Cucu ameanza kuzeeka. Mimi nilijua hakuwa anasema juu ya jeranio.

Aliogopa vitu vingi. Aliogopa majogoo, radi, na mtu kumpita nyuma bila kumsalimia. Kwa hiyo sikutegemea nilichokiona siku ya msako.

Homgadi mmoja kijana, wa kijiji hikihiki, alikuwa amelitilia mashaka lile tundu la ukutani. Alifikiri tunapitishia chakula watu wa msituni. Alikuja mchana na wenzake wawili, wakapekua ngozi za kulalia, vyungu, paa. Halafu akaona mikebe.

"Haya ni nini, Cucu?"

"Maua."

"Mtu mweusi anafuga maua ndani ya nyumba? Wewe ni mke wa mzungu gani?"

"Nilikuwa na mume mmoja, na alikuwa mrefu kuliko wewe."

Mama alinifinya mkono, kana kwamba ni mimi niliyesema. Wale wenzake wawili walicheka, na hilo ndilo lililomkasirisha kijana. Akasema risasi hufichwa kwenye udongo, akaanza kumimina mkebe mmoja baada ya mwingine uani. Cucu alimfuata nyuma, hakulia, hakupiga kelele, bali alikuwa akimsahihisha.

"Shika chini, usishike majani. Huyo ana jeraha. Polepole, mwanangu, mama yako alikuzaa polepole."

Mpaka alipofika mkebe wa mwisho yule kijana alikuwa akishika chini. Risasi hazikuwepo. Walipoondoka, uani kulikuwa na matoka saba yamelala juu ya mavumbi, na mizizi yake myeupe nje kama vidole.

Tuliyaokota sote watatu, hata mama aliyesema hakuona kitu. Na ndipo Cucu alipogundua jambo. Ubavuni mwa vitunguu vinne kulikuwa na vitunguu vidogo, vingine kama punje ya mahindi, vingine kama yai la njiwa. Baadhi vilikuwa vimebaki kwenye udongo uliomwagika. Alichekecha udongo wote kwa vidole mpaka filimbi ya kafyu ikalia, tukamwita ndani.

"Wana watoto," alituambia akiwa bado amesimama mlangoni. "Mama akivutwa, mtoto anakatika anabaki chini. Nilikuwa sijui."

Alivitafutia mikebe midogo. Viwili vikafa, vingine vikaota. Kwa miaka ile idadi ilipanda na kushuka hivyo: saba, kumi na moja, tisa, tano wakati wa kiangazi kirefu, nane tena. Kila ilipobadilika, alibadilika nayo. Likiota jani jipya, aliimba. Likifa moja, alikaa kimya siku mbili na mama akapika peke yake.

Shemeji yake aliishi mwisho wa mstari wetu wa nyumba. Alikuwa mtu wa adabu. Alipita na kuinua kofia.

"Mke wa ndugu yangu, maua yako hayajambo?"

"Hayajambo."

"Vizuri. Mtu akiwa peke yake ni vizuri awe na mchezo."

Alidhani kweli ni mchezo. Tundu letu lilikuwa dogo, na ukiwa nje huoni ndani. Lakini kila alipopita, Cucu aliihamisha mikebe tena, hata kama ilikuwa imehamishwa saa hiyohiyo.

Miaka ya mwisho ya Hali ya Hatari, mambo yalipolegea kidogo, tulisikia kwamba mashamba yatapimwa. Kila mtu angeenda na wazee wa kamati kuonyesha vipande vyake, vipimwe, kisha vijumlishwe. Asiyekuwa na mpaka wa kuonyesha hatakuwa na cha kujumlishiwa.

Mama alimsihi asibebe mikebe. "Waambie mvua iliyang'oa. Waambie ng'ombe. Waambie wanajeshi walipofyeka, ndio walioyang'oa. Nani atabisha?"

"Matoka yangu nimeyalea miaka yote hii," Cucu alisema, "halafu niseme hayapo?"

Alibeba matatu makubwa kwenye kiondo mgongoni, majani yakichungulia juu ya bega lake kama kichwa cha mtoto. Mama alikuwa na homa, basi nilikwenda mimi kumsindikiza.

Kilima chetu sikukitambua. Nyasi zilifika kifuani. Mvua ilikuwa imeanza siku kumi zilizopita, na njia zote zilikuwa zimezikwa. Wazee wa kamati walikuwa watano, pamoja na karani, na shemeji akiwa amesimama upande wake na fimbo. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye sauti ndogo, aliuliza mpaka uko wapi.

Cucu alishusha kiondo, akapanga mikebe mitatu mbele yao.

"Huu hapa."

Mwenyekiti aliinama akashika jani, akaliachia haraka.

"Nani aliyang'oa?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa jembe. Ili yasisogezwe."

Shemeji hakupandisha hata sauti. "Mmesikia wenyewe, wazee. Sijasema mimi. Mwenye kung'oa itoka hana mpaka. Mimi nitamlisha, kama nilivyosema siku zote."

Mwenyekiti alinigeukia. "Wewe msichana, umeishi naye. Ni kweli aliyang'oa yeye, siku ya kuhama?"

Nilitaka kusema kwa nini aliyang'oa. Nilitaka kusema juu ya masizi, na maji ya kibuyu, na yule homgadi. Yote yalikuwa tayari kinywani. Nilitikisa kichwa kukubali, basi. Nimejilaumu kwa jambo hilo zaidi ya mambo mengine yote niliyowahi kufanya au kutofanya.

Niliposhtuka, Cucu hakuwepo. Alikuwa ameingia kwenye nyasi. Alitembea, akainama, akapasua nyasi kwa mikono, akainuka, akasogea, akainama tena, vilevile alivyozunguka nyumbani na kikombe cha chai. Wazee walitazamana. Mmoja alinong'ona kwamba huzuni imemzidi.

"Karimi!" aliita. "Njoo usimame hapa. Usikanyage."

Nilikwenda. Kwenye miguu yangu, katikati ya nyasi, kulikuwa na majani matatu mapana, ya kijani kibichi, hayajafika hata shubiri.

"Mtoto wake," alisema. Kisha akapaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiwapazia sauti wanaume. "Wazee! Mama akivutwa, mtoto anabaki chini! Nimeliona miaka yote hii ndani ya nyumba yangu! Njooni mwangalie kama mimi ndiye niliyeyapanda haya leo!"

Walikuja. Mwenyekiti alipiga magoti, akachimba kwa kidole. Mizizi ilikuwa ya zamani, imeshikana na udongo mgumu ambao haujaguswa. Hakuna mtu anayeweza kupanda kitu hivyo jana wala juzi. Kutoka hapo walitafuta wenyewe, wote watano, wameinama kama wanawake wanaopalilia. Walipata matano, na yalikuwa kwenye mstari. Kuelekea mtoni, mahali pa manne yaliyobaki, hawakupata kitu. Huko palikuwa pamelimwa viazi vitamu, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni vya nani.

Walikata shauri palepale. Mpaka wa juu ni wa Cucu. Kipande cha mtoni hakina ushahidi, kinamwendea shemeji. Na kwa kung'oa itoka, Cucu atalipa mbuzi, kwa sababu sheria ni sheria hata ikiwa nia ilikuwa njema. Alikubali yote matatu huku akipapasa udongo wa mikebe yake. Njiani kurudi aliongea juu ya mbuzi tu, atampata wapi, awe wa rangi gani. Juu ya kipande cha mtoni hakusema neno mpaka tulipofika handakini.

"Kule ndiko kulikuwa na lile la kwanza," alisema. "Lile nililolilewesha."

Vipimo vilipojumlishwa, hakupewa pale kilimani hata hivyo. Ndivyo kazi ile ilivyokuwa: unaonyesha vipande vyako, unapewa shamba moja mahali pengine lenye ukubwa uleule. Yeye alipewa karibu na barabara, kilima cha tatu kutoka chetu, kati ya watu asiowajua. Sisi tulipewa upande mwingine. Baba alirudi, tukajenga, na kwa karibu mwaka mzima sikumwona.

Nilimtembelea mara moja, mwanzoni mwa mvua. Nyumba yake mpya ilikuwa na madirisha mawili halisi, yenye mbao. Mikebe ilikuwa imepangwa chini yake, kumi na mmoja. Shamba nje lilikuwa limelimwa safi, mahindi yamefika magotini, na mipakani kulikuwa na vigingi vya serikali tu.

"Cucu, hujayatoa bado?"

"Niyatoe niyapeleke wapi?"

"Mpakani."

"Itoka halipandwi na mtu mmoja, Karimi. Wenye mpaka wote wawili husimama. Jirani yangu nimemwita mara nne. Anasema karatasi iko ofisini. Mimi nitalala na karatasi ya ofisini?"

Alinipa chai, akazunguka na yake. Kabla sijamaliza, jirani mwenyewe akapiga hodi, kijana mwenye mabega mapana, ametoka kizuizini kama baba, na jembe mkononi.

"Cucu, watoto wameng'oa kigingi wakakiwasha. Njoo basi na ua lako kabla hatujaanza kugombana."

Hakuweka hata kikombe chini, nilikipokea mimi. Alichagua mkebe, akaurudisha, akachagua mwingine. Tulipofika mpakani, shimo la kigingi bado lilionekana, limejaa maji. Jirani akachimba kando kidogo. Cucu akapiga magoti, akaweka kitunguu, akakisukuma upande wa jirani.

"Cucu," jirani alisema, "hapo ni kwangu."

"Ni kidole tu."

"Ni unyayo mzima."

"Wewe ni kijana, una nguvu, utanunua kipande kingine."

"Cucu!"

Alinung'unika, akakirudisha kwenye shimo lenyewe. Akafukia kwa mikono, akasimama, akakanyaga upande wake. "Kanyaga na wewe," alimwambia. Yule kijana akakanyaga upande wake. Walisimama hivyo, uso kwa uso, itoka katikati ya miguu yao, mpaka mvua ikaanza.

"Sasa nenda ndani ukae, Cucu," jirani alisema akicheka.

"Nitakaa."

Niliwaaga nikashika njia. Nilipofika barabarani niligeuka. Jirani alikuwa ameshaingia kwake. Cucu alikuwa bado nje mvuani, akitembea kutoka kwenye itoka hadi kigingi kinachofuata na kurudi, kwa hatua ndefu zilizo sawa, akihesabu.